CHECHE NA SAA YAKE
Mazungumzo juu ya pikipiki ya zamani inayopiga teke

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za kitu kidogo sana, ambacho maisha yake ni mafupi kuliko kufumba na kufumbua jicho. Kitu hicho ni cheche ya moto irukayo katika plagi ya pikipiki. Watu wengi wajua ya kuwa bila cheche injini haiwaki. Lakini si wengi wajuao ya kuwa cheche nzuri yenye nguvu, ikija kwa wakati usio wake, yaweza kumvunja mtu kifundo cha mguu, au kuiharibu injini iliyodumu tangu siku za babu zetu.

Pikipiki za zamani zingalipo. Nyingine zimelala ghalani chini ya magunia, nyingine watoto wamezirithi kwa wazee wao, na wako watu wazipendao ambao huzitengeneza na kuziendesha tena. Ili maneno yangu yasitawanyike, nitachukua pikipiki moja tu kuwa mfano, nayo ni BSA M20. Ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, tangu mwaka 1937 mpaka mwaka 1955, na wakati wa Vita Kuu ya Pili zaidi ya 120,000 zilitolewa kwa ajili ya majeshi. Ina silinda moja tu, yenye ujazo wa sentimita za mchemraba 496, na valvu zake zimesimama ubavuni mwa silinda. Nguvu yake ni kama ya farasi 13. Haina mbio nyingi, lakini ni mvumilivu kama punda.

Pikipiki hii ni mwalimu mwema kwa somo letu, kwa sababu mbili. Kwanza, cheche yake yatoka katika magneto, chombo kinachofanya umeme wake chenyewe kwa kuzungushwa na injini, wala hakihitaji betri. Pili, wakati wa cheche waongozwa na mwendeshaji mwenyewe, kwa wenzo mdogo ulio katika usukani. Wenzo ukipelekwa mbele, cheche hutangulia. Ukirudishwa nyuma, cheche huchelewa. Katika vyombo vya siku hizi kazi hiyo hufanywa ndani kwa ndani, wala dereva hana habari nayo.

KISA CHA MPWA WANGU

Miaka kadhaa iliyopita mpwa wangu alirithi pikipiki ya namna hii kwa babu yake mzaa baba. Siku moja nilikwenda kumtazama, nikamkuta amekaa barazani, mguu wake wa kulia umefungwa kitambaa.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Umepatwa na nini?”

“Pikipiki imenipiga teke, mjomba. Nilikanyaga kiki, nayo ikanirudisha juu kwa nguvu, karibu inirushe.”

“Uliurudisha nyuma wenzo wa cheche kabla ya kukanyaga?”

“Niliurudisha mpaka mwisho.”

Jibu hilo lilinishangaza. Nikamwambia, “Basi usiikanyage tena mpaka tumeipima.” Akasema, “Vema, mjomba.” Lakini mnajua vijana. Mimi nilipoondoka, akaikokota mpaka kwa fundi mmoja, na fundi akaiponya teke lake kwa muda wa nusu saa. Mpwa wangu akafurahi, akalipa. Mwezi haujaisha, akanijia tena na habari nyingine: pikipiki haipigi tena teke, lakini imekuwa goigoi. Mlima iliyokuwa ikiupanda kwa gia ya tatu, sasa yapanda kwa gia ya kwanza, na bomba la moshi lawa jekundu gizani.

Tutarudi kwa mpwa wangu baadaye. Kwanza na tuifahamu kazi yenyewe.

KWA NINI CHECHE HAINGOJI PISTONI IFIKE JUU

Injini ya namna hii ina miendo minne. Pistoni hushuka na kunyonya hewa iliyochanganyika na petroli. Hupanda na kuigandamiza. Kisha mchanganyiko huwaka na kuisukuma pistoni ishuke, na huo ndio mwendo pekee utupao nguvu. Mwisho pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Cheche huhitajiwa mara moja tu katika miendo hiyo minne.

Mtu aweza kudhani kwamba cheche yapasa kuruka pistoni ifikapo juu kabisa. Sivyo. Moto hauwaki wote mara moja. Huanza penye plagi, ukaenea kama moto wa nyika unavyoenea katika majani makavu, na kuenea huko kwataka muda. Muda huo ni mdogo sana, lakini mwendo wa pistoni nao ni mwepesi sana. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ndiyo mara 50 kwa kila sekunde, pistoni hutoka juu mpaka chini katika sehemu moja ya mia ya sekunde. Cheche ikingoja mpaka pistoni ifike juu, moto utakuwa ungali ukienea huku pistoni imekwisha kukimbia chini.

Kwa hiyo cheche hutangulizwa. Katika M20, wenzo ukiwa mbele kabisa, cheche yapasa kuruka pistoni ikiwa imebakiza inchi 7/16, yaani milimita 11, kufika juu. Hapo moto hupata nafasi ya kuenea, na nguvu yake hufikia kilele mara tu pistoni inapokwisha kugeuka na kuanza kushuka.

Fikirini mtoto aliye katika bembea. Nanyi mmesimama nyuma yake mkimsukuma. Mkimsukuma wakati bembea ingali inawajia, mtaumia viganja, na bembea itasita. Mkikawia mpaka imekwisha kwenda zake, mtausukuma upepo. Lakini mkisukuma mara ile inapogeuka, nguvu kidogo hufanya kazi kubwa.

Sasa mtaona kwa nini pikipiki hupiga teke. Mtu anapokanyaga kiki, injini huzunguka polepole. Cheche ikiruka milimita 11 kabla ya juu, moto huwahi kuenea wote, na pistoni haijafika. Moto waisukuma pistoni irudi ilikotoka, injini yazunguka kinyume, na kiki yarudi juu pamoja na mguu ulio juu yake. Ndiyo maana mwendeshaji huurudisha wenzo nyuma kabla ya kuiwasha, kiasi cha nusu ya safari yake au zaidi kidogo. Si lazima kuurudisha mpaka mwisho, kwa maana cheche ya magneto hupungua nguvu wenzo ukiwa nyuma kabisa. Injini ikiisha kuwaka, wenzo hupelekwa mbele.

DALILI ZA CHECHE ILIYOPOTEZA SAA YAKE

Ugonjwa huu una sura tatu.

Sura ya kwanza ni cheche inayotangulia mno. Dalili yake kubwa ni teke, hata wenzo ukiwa nyuma. Injini haitulii ikienda polepole. Ikibeba mzigo mlimani, huenda ikasikika sauti ya kugonga, kama nyundo ndogo ikipiga chuma. Injini hupata joto jingi kupita kiasi, na mwendeshaji asipojali, kichwa cha pistoni chaweza kuyeyuka na kutoboka.

Sura ya pili ni cheche inayochelewa. Hii haina kelele, kwa hiyo watu huivumilia siku nyingi. Injini huwaka kwa urahisi, lakini haina nguvu. Petroli hutumika sana. Moto huwa ungali ukiwaka valvu ya moshi inapofunguka, kwa hiyo bomba la moshi huwa na joto kali, na valvu yenyewe huungua ukingo wake. Mara nyingine husikika mlipuko ndani ya bomba.

Sura ya tatu ni cheche inayotangatanga: leo nzuri, kesho mbaya. Hii karibu siku zote ni alama ya kitu kilicholegea au kilicholika.

Nataka kuongeza onyo moja. Watu wa zamani walizoea kusikiliza ile sauti ya kugonga. Walitanguliza cheche mpaka injini ikagonga, kisha wakairudisha kidogo. Lakini M20 haigandamizi sana. Mchanganyiko wake hubanwa mpaka kiasi cha sehemu moja ya tano tu ya ujazo wake, nayo iliweza kwenda hata kwa petroli hafifu ya siku za vita. Petroli ya siku hizi hustahimili kugandamizwa zaidi sana, kwa hiyo injini yaweza kuwa na cheche inayotangulia mno, wala isigonge hata kidogo. Kimya chake si ushahidi. Sikio halitoshi, yapasa kupima.

MASHAHIDI WA UONGO

Kabla ya kuushitaki wakati wa cheche, sharti tuwaulize wengine, maana magonjwa mengine huvaa nguo za huu.

Injini isiyo na nguvu yaweza kuwa na valvu isiyofunga vema, au kabureta iliyozibwa na taka. Injini ipigayo chafya katika kabureta mara nyingi yapata petroli kidogo mno. Mlipuko katika bomba la moshi waweza kuletwa na bomba lenyewe likivuta hewa penye maungio. Basi safisheni kabureta, angalieni nafasi za valvu, kazeni bomba, ndipo muendelee.

Shahidi wa uongo aliye mjanja kuliko wote ni magneto iliyochoka. Pikipiki huwaka vizuri asubuhi ikiwa baridi, ikaenda maili chache, kisha ikazima. Mwenyewe huketi chini ya mti, na baada ya nusu saa huwaka tena. Watu wasema, “Wakati wa cheche umehama.” Lakini haukuhama. Wakati wa cheche hauhamishwi na joto ukarudishwa na baridi. Ni nyuzi za shaba zilizo ndani ya magneto, ambazo vifuniko vyake vimezeeka, au ni kondensa, kile chombo kidogo kinacholinda platini zisiungue. Vitu hivyo vikipata joto, umeme huvuja. Dawa yake ni kumpelekea fundi wa magneto, si kugeuza gia.

Ili kuijaribu cheche, fungueni plagi, iungeni na waya wake, mkailaze juu ya chuma cha silinda mbali na tundu lake, kisha zungusheni injini kwa kiki. Cheche njema ni nene, nayo ni ya samawati. Msiishike plagi kwa mkono, maana magneto hutoa volti elfu nyingi. Wala msifanye jaribio hili karibu na petroli iliyomwagika.

ANZENI NA PLATINI

Mkivua kifuniko kidogo cha duara mwishoni mwa magneto, mtaona platini, yaani vile vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana. Cheche huruka katika nukta ile ile platini zinapoanza kuachana. Kwa hiyo platini ndizo saa ya injini.

Hapa ndipo penye siri ambayo ningependa kila msomaji aikumbuke. Upana wa nafasi ya platini hubadilisha wakati wa cheche. Nafasi ikiwa pana kuliko ipasavyo, platini huanza kuachana mapema, na cheche hutangulia. Nafasi ikiwa nyembamba, huachana kwa kuchelewa, na cheche huchelewa. Tofauti ndogo ya unene wa ukucha hapa huwa tofauti kubwa kule kwenye pistoni, kwa sababu magneto huzunguka mara moja injini inapozunguka mara mbili, na kila kosa la magneto huwa maradufu katika injini.

Nafasi hiyo yapasa kuwa kiasi cha milimita 0.3, nayo hupimwa kwa bapa jembamba la chuma ambalo mafundi huliita fila, platini zikiwa zimeachana kabisa. Kwanza zisafisheni kwa kitambaa kilicholowa petroli kidogo. Zikiwa zimeungua, zisugueni kwa jiwe laini mpaka nyuso zake zilingane. Angalieni pia kile kipande kigumu cha rangi ya kahawia kinachosuguana na mwinuko na kuzifungua platini. Hicho hulika polepole mwaka baada ya mwaka, nafasi ikapungua, cheche ikachelewa, wala mwenyewe asifahamu ni siku gani pikipiki yake ilipoanza kuzeeka.

Kisha tazameni waya utokao katika wenzo wa usukani. Huo husogeza pete iliyozizunguka platini. Pete ikisogezwa kukabili upande ambao platini zinazungukia, cheche hutangulia. Ikisogezwa kuufuata upande huo, cheche huchelewa. Katika magneto nyingine waya ukivutwa hutanguliza cheche, katika nyingine huchelewesha, basi msikisie. Mmoja ausogeze wenzo, mwingine aitazame pete. Mara nyingi huonekana wenzo umekwenda mbele, na pete haikutikisika, kwa sababu waya umekatika au umeshikwa na kutu. Nimeona injini ikifunguliwa yote kwa ajili ya waya mmoja.

KUPIMA WAKATI WA CHECHE

Platini zikiisha kuwekwa sawa, na waya ukiwa mzima, ndipo tupime. Vyombo ni vichache: kijiti kilichonyooka, kalamu, rula yenye milimita, na kipande cha karatasi nyembamba kama ya kusokotea sigara.

Simamisheni pikipiki juu ya kigingi chake hata gurudumu la nyuma liwe huru. Toeni plagi. Ingizeni gia ya juu, ili mpate kuizungusha injini polepole kwa kulisogeza gurudumu la nyuma kwa mkono.

Tafuteni mwendo wa kugandamiza. Wekeni kidole juu ya tundu la plagi na kuzungusha mbele; upepo ukikisukuma kidole kwa nguvu, ndio mwendo wenyewe. Mkikosea hapa, mtaweka cheche katika mwendo wa kutoa moshi, na injini haitawaka kamwe.

Sasa teremsheni kijiti mpaka kiguse kichwa cha pistoni. Angalieni neno moja: katika injini za valvu za ubavuni, huenda tundu la plagi lisiwe juu ya pistoni barabara. Kijiti kikilala upande, kipimo chake ni cha uongo. Ikiwa ni hivyo, ni afadhali kukivua kichwa cha silinda na kupima kwa haki, kuliko kupima kwa haraka na kupimia uongo.

Pandisheni pistoni mpaka kijiti kisipande tena. Mtaona kwamba pale juu pistoni husimama kidogo, injini yazunguka na kijiti hakitembei. Juu ya kweli ni katikati ya kituo hicho. Tieni alama katika kijiti, usawa wa ukingo wa tundu. Kisha tieni alama ya pili milimita 11 juu ya ile ya kwanza.

Rudisheni injini nyuma, kupita alama ya pili, kisha ileteni mbele taratibu mpaka alama hiyo iwe usawa wa ukingo. Kwa nini tupite na kurudi? Kwa sababu meno ya gia zote yana ulegevu kidogo, na injini ikienda barabarani, ulegevu huo siku zote huwa upande mmoja. Tukipima kwa kurudi nyuma, tutaupima ulegevu badala ya cheche.

Pelekeni wenzo wa cheche mbele kabisa. Tieni karatasi katikati ya platini, mkaivute polepole sana. Ikiwa wakati ni sawa, karatasi itakuwa imeshikwa mpaka alama inapofika usawa wa ukingo, na hapo hapo itaachiliwa. Ikiachiliwa kabla, cheche yatangulia. Ikishikwa baada ya hapo, cheche yachelewa. Endeleeni kusogeza mpaka iachiliwe, nanyi pimeni ni milimita ngapi zimebaki.

KURUDISHA SAA MAHALI PAKE

Ikiwa kipimo si sawa, sharti kufungua kifuniko cha gia kilicho upande wa kulia wa injini. Gia ya magneto imeketi juu ya mhimili uliochongwa kama pia, na kubanwa kwa nati. Hakuna kijino cha kuishikilia, na kwa hiyo yaweza kuwekwa mahali popote.

Fungueni nati, mkaitoe gia kwa chombo cha kuvutia, ambacho mafundi hukiita pula. Msiipige nyundo, mhimili wa magneto hupinda upesi. Gia ikiwa huru, wekeni pistoni katika alama ya milimita 11, wenzo mbele kabisa. Zungusheni mhimili wa magneto kwa upande wake wa kawaida mpaka karatasi iachiliwe tu. Hapo sukumeni gia ikamate, kisha kazeni nati. Halafu pimeni tena toka mwanzo, kwa maana kukaza nati kwaweza kuusogeza mhimili. Fundi aliyepima mara moja tu hajapima.

Kama cheche yenu ilikuwa ya kutangatanga, chunguzeni kama nati hiyo ilikuwa imelegea, au kama gia yateleza kwa sababu nyuso zake zina mafuta. Zifuteni zikauke kabisa kabla ya kuzikutanisha. Ziko pikipiki nyingine, kama Norton 16H, ambazo magneto yake huendeshwa kwa mnyororo. Hizo mnyororo ukichakaa na kulegea, cheche nayo hulegea pamoja nao.

TURUDI KWA MPWA WANGU

Mimi na yeye tuliifanya kazi hii siku ya Jumamosi. Tulianza na platini, tukazikuta zina nafasi ya milimita 0.3 sawasawa. Waya wa wenzo ulikuwa mzima. Tukapima kwa kijiti na karatasi. Badala ya milimita 11, tulipata milimita 2 tu na kidogo.

Nikamwuliza, “Mwanangu, hizi platini ni nani aliyeziweka?”

Akajibu, “Ni rafiki yangu, mjomba. Baada ya kutoka kwa fundi alizipima, akaona zimeachana mno, karibu maradufu ya ipasavyo, akazirekebisha.”

“Na kabla ya kwenda kwa fundi?”

Akanyamaza kidogo. “Nilizisugua mimi mwenyewe, nikaziweka kwa macho.”

Basi kisa chote kikafunuka. Yeye aliziweka platini pana mno, na cheche ikatangulia hata wenzo wa usukani usiweze kuirudisha. Ndipo ikampiga teke. Fundi hakuzitazama platini. Aliona teke, akaigeuza gia ya magneto mpaka teke likakoma. Makosa mawili yakafichana, na pikipiki ikaenda. Kisha rafiki yake akaja akaliondoa kosa la kwanza kwa nia njema, na kosa la pili likabaki peke yake uchi. Kila mmoja alitengeneza kitu, na kazi ya wote watatu ikawa hasara: mguu uliovimba, fedha zilizokwisha, na valvu ya moshi ambayo tulipoitazama ilikuwa imeanza kuungua ukingo.

Tuliisugua valvu, tukairudisha gia mahali pake, tukapima mara tatu. Jioni, mpwa wangu akaiinua valvu ya moshi kwa wenzo wake, akaisogeza pistoni kupita mahali pa mgandamizo, akaurudisha nyuma wenzo wa cheche, akavaa kiatu kigumu, na goti lake hakulikaza. Alikanyaga mara moja na ya pili. Ya pili ikawaka. Akaupeleka wenzo mbele, nasi tukasikia sauti ya injini ikijaa na kutulia. Mlima ule akaupanda kwa gia ya tatu.

Mabibi na mabwana, sisemi ya kuwa kila mtu awe fundi. Lakini hata yule asiyeshika spana yafaa ajue kumwuliza fundi maneno matatu: “Platini umezipima? Waya wa wenzo umeutazama? Wakati wa cheche umeupima baada ya hayo, au kabla?” Utaratibu ni huo, wala hauwezi kupinduliwa: platini kwanza, waya wa pili, kijiti na karatasi mwisho. Mtu akianza na gia, ataponya dalili na kuacha ugonjwa, na mtu wa pili ajapo kuutibu ugonjwa ataleta dalili nyingine.

Na ninyi wanafunzi, mkipewa chombo cha zamani mkitengeneze, kiandikieni daftari. Andikeni tarehe, nafasi mliyoikuta, na nafasi mliyoiweka. Mpwa wangu sasa analo daftari hilo, nalo hulifunga kwa uzi chini ya kiti cha pikipiki. Ukurasa wa kwanza una tarakimu mbili tu: 0.3 na 11.

Kwaherini.